Sura ya Saba: Nyoka Dirishani

Swali lile lile

"Mbona hukushona ala yote kwa ngozi ya nyoka?"

Nimeulizwa hivyo na mwanafunzi, na muuza visu wa sokoni, na bibi mmoja aliyeniletea makubazi yake nimshonee. Mtu huichukua ala mezani, hupitisha kidole juu ya magamba, hurudisha mkono haraka kidogo kana kwamba mwenye ngozi bado yumo, halafu ndipo huuliza. Si swali la kuchekwa. Magamba ndiyo yanayoita macho. Ngozi ya ng'ombe inayoyazunguka haina maajabu, ni kahawia tu kama mkanda wa babu. Kama uzuri wote uko katikati, kwa nini usienee mpaka pembeni?

Kwa sababu ngozi ya nyoka haiwezi kushindana na kisu. Unene wake mara nyingi haufiki hata milimita moja. Ncha ya kisu huitoboa kwa nguvu za mtoto, na makali yakipita juu yake mara moja inakuwa vipande viwili. Ala ina kazi ya kumlinda mtu na kisu chake mwenyewe anapokaa, anapoinama, anapopanda pikipiki. Kazi hiyo anaibeba ng'ombe. Nyoka amealikwa tu, na sura hii inahusu namna ya kumkaribisha mgeni huyo bila kumpa kazi asiyoiweza.

Maneno mawili kabla hatujaenda mbali. *Ala* ni mfuko wa kuhifadhia kisu, panga, sime au jambia. Wazee wengine huuita uo. *Njumu* ni pambo linalozamishwa ndani ya kitu badala ya kubandikwa juu yake, kama vipande vya pembe na mfupa vilivyopachikwa kwenye viti vya enzi vya Lamu. Najua vijana wakisikia njumu wanafikiria viatu vya kuchezea mpira. Hiyo ni njumu nyingine. Hapa tunazungumzia ngozi ya nyoka iliyozamishwa katika ngozi ya ng'ombe, ikachungulia kupitia tundu lililokatwa kwa makusudi. Tundu hilo nitaliita dirisha.

Ala iliyobanduka

Mimi nilijifunza kwa kufumua. Shemeji yangu aliishi Texas miaka kumi na moja, akarudi na kisu cha uwindaji kilichokaa ndani ya ala nzuri ajabu: ngozi nyeusi, na katikati dirisha refu lenye ngozi ya nyoka wa kule, michoro ya almasi ikipangana kutoka juu mpaka chini. Aliinunua kwenye meza ya maonyesho, kwa fundi ambaye hata jina hakulishika. Mwaka haujaisha, nyoka akaanza kubanduka.

"Shem," akaniambia, "huyu nyoka anataka kutoka. Mfunge tena."

Nikaiweka chini ya taa. Kosa la kwanza nililiona kwa kidole kabla ya jicho. Magamba ya nyoka hulala kama vigae vya paa, kila kimoja kikifunika mwanzo wa kinachofuata, na vyote huelekea mkiani. Ukipapasa kutoka kichwani kwenda mkiani, ni laini. Ukirudi juu, ukucha unakwama. Fundi yule alimweka nyoka kichwa chini, kwa hiyo kila mara shemeji aliposhusha mkono, au aliposugua kiuno kwenye kiti cha gari, magamba yaliinuliwa moja baada ya jingine.

Kosa la pili lilinifanya nicheke peke yangu. Kuzunguka dirisha kulikuwa na mstari wa mshono uliopangika vizuri mno. Nikaingiza ncha ya sindano ili nifumue uzi wa kwanza, na hakukuwa na uzi. Vilikuwa vishimo vilivyochapwa kwa gurudumu la meno, mshono wa kuchora. Nyoka alishikiliwa na gundi peke yake, na gundi ilikuwa imekauka ikawa unga.

Kazi hii kwao ni wapi?

Kupamba ala kwa ngozi ya mnyama atambaaye si jambo la nchi moja. Sudan kuna visu vinavyovaliwa kwenye mkono karibu na bega, na ala zake hufunikwa kwa ngozi ya mamba au kenge. Oman, ala ya jambia huvikwa ngozi na kutiwa nyuzi za fedha, na jambia lenyewe limo hata kwenye bendera ya taifa. Wamaasai wao hutengeneza ala ya sime kwa vibao viwili vyembamba vilivyovikwa ngozi mbichi na kupakwa rangi nyekundu, wala hawamhitaji nyoka.

Mtindo wa dirisha ninaouelezea hapa, lakini, umekolea Marekani, hasa Texas na majimbo ya kusini na magharibi, kwa mafundi wanaotengeneza visu kimoja kimoja kwa mkono. Yupo huko nyoka ambaye sisi hatuna: mkiani ana pete ngumu ambazo akizitikisa zinalia kama njuga za mchezaji ngoma. Nitamwita nyoka njuga. Anayependwa zaidi na mafundi ana michoro ya almasi mgongoni, na akishakua mara nyingi hupita mita moja.

Tena huko vifaa havikuwa taabu. Kampuni ya Tandy ilianza Fort Worth mwaka 1919 ikiuza ngozi na vifaa kwa mafundi viatu, baadaye ikawageukia watu wa kawaida wanaofanya kazi za ngozi nyumbani. Mwalimu wao mkubwa alikuwa Al Stohlman, aliyefariki mwaka 1998. Kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu kushona ngozi kwa mkono bado kiko mezani kwa mafundi wengi, kimejaa michoro ya mikono, sindano na nyuzi, kiasi kwamba hata asiyejua Kiingereza anaweza kukifuata.

Ngozi za nyoka njuga zinatoka wapi? Swali hili lina uchungu wake. Katika mji wa Sweetwater, Texas, tangu mwaka 1958 kila Machi hufanyika tamasha la kukusanya nyoka njuga. Nyoka hununuliwa kwa uzani, huchunwa mbele ya watazamaji, na ngozi, nyama na njuga zinauzwa. Watetezi wa mazingira wamelipinga kwa miaka mingi, hasa ile desturi ya baadhi ya wakusanyaji ya kupuliza mvuke wa petroli ndani ya mashimo ili nyoka watoke; mvuke huo hauchagui, unamuumiza kila kiumbe aliyemo. Mji wa Claxton, Georgia, ulikuwa na tamasha kama hilo. Mwaka 2012 uliligeuza kuwa sherehe ya wanyamapori, nyoka wakawa wa kutazamwa tu. Mimi niko upande wa Claxton, na nasema hivyo nikiwa mtu anayeipenda ngozi yenyewe.

Gamba si ngozi

Kuna anayesema: "Basi mimi nitaokota gamba la nyoka porini, sitaua mtu." Wazo jema, ila halifanyi kazi.

Watanzania walizoea maneno *kujivua gamba* mwaka 2011, chama tawala kilipoyafanya kaulimbiu ya kujisafisha. Kibaiolojia, gamba analojivua nyoka ni tabaka la juu kabisa lililokufa, jamaa wa kucha na nywele. Ni kama plastiki nyembamba, halina rangi ya maana, na ukilikunja linapasuka. Ngozi yenyewe iko chini yake, ndiyo yenye nyuzinyuzi zinazoweza kusindikwa zikadumu. Gamba liwekee kwenye chupa umwonyeshe mtoto.

Kusindika ngozi, wengine husema kudabagi, ni kuizuia isioze na isikakamae. Ya nyoka, kwa kuwa ni nyembamba, mafundi wengi wa Marekani huisindika nyumbani: huikwangua nyama na mafuta, huiloweka katika mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa gliserini na spiriti, kisha huitandaza ubaoni ikakauka. Gliserini ndiyo hubaki ndani ikiifanya ikunjike bila kulia kama karatasi.

Ya ng'ombe ni habari nyingine. Kwa ala tunataka iliyosindikwa kwa magome ya miti. Magome yana tanini, kile kitu kinachokausha ulimi ukinywa chai kali iliyokaa. Tanini hushikana na nyuzinyuzi za ngozi, ngozi ikawa ngumu na yenye kumbukumbu: ukiilowanisha na kuifinyanga, ikikauka inabaki na umbo ulilolipa. Huku kwetu gome mashuhuri ni la muwati, mti uliotoka Australia ukapandwa kwa wingi Njombe na katika nyanda za juu za Kenya, magome yake yakachemshwa na kuuzwa mpaka ng'ambo. Ngozi laini za makoti na mikoba nyingi husindikwa kwa chumvi za kromu. Hizo hazishiki umbo, na mafundi wengi wa visu huziepuka kwa kuwa chumvi zake hupandisha kutu kwenye chuma.

Unene wa kutafuta ni milimita 3 hadi 3.5. Wamarekani hupima ngozi kwa aunsi, na ukiona wameandika aunsi 8, zidisha kwa 0.4 upate milimita.

*Kwa ufupi:* ng'ombe wa magome, mnene na mgumu, ndiye ukuta. Nyoka aliyesindikwa, mwembamba na laini, ndiye pazia. Gamba la kuokota halimo katika hesabu.

Kukata dirisha

Ala tunayoitengeneza ina vipande viwili vikubwa, cha mbele na cha nyuma. Chora kwanza paterni, yaani umbo la karatasi ngumu utakalolifuata ukikata. Laza kisu juu ya karatasi, pitisha penseli kukizunguka, ongeza sentimita moja na nusu upande wa makali. Upande wa mgongo wa kisu hauhitaji nafasi kubwa hivyo. Ukiwa na wasiwasi, ongeza. Ngozi iliyozidi hukatwa, iliyopungua hairefushwi.

Sasa dirisha. Mimi hulipa umbo la jani la mwembe, jembamba na refu, kwa sababu linafuata umbo la kisu na halina kona. Kona kali ndipo ngozi huanzia kuchanika, na ndipo nyoka hukunjika vibaya. Kwanza toboa tundu dogo la duara kila ncha ya jani, halafu ndipo ukate kwa wembe kutoka tundu hadi tundu. Kata kwa pumzi moja kila upande. Ukisimama katikati, mahali uliposimama pataonekana milele. Acha angalau sentimita moja na robo kati ya dirisha na mahali utakapopita mshono wa pembeni, vinginevyo ukuta unabaki mwembamba na ala inakunjika pale pale.

Ukishakata, usimlete nyoka bado. Piga msasa kingo za ndani za dirisha, paka rangi kipande chote cha mbele, sugua kingo kwa nta mpaka zing'ae, na acha vikauke kwa siku nzima. Rangi ya ngozi ikigusa magamba huingia katikati yake na haitoki. Nimewahi kumpaka nyoka mzima rangi nyeusi kwa tone moja lililotiririka.

Halafu mlaze nyoka. Mtafute mstari wa uti wa mgongo, ule unaopita katikati ya almasi, uuweke katikati ya dirisha. Ukikosea milimita tatu, jicho linaona kila siku: almasi zinaegemea upande mmoja kama picha iliyoning'inizwa na mlevi. Upande wa kichwa uelekee mdomo wa ala, wa mkia uelekee ncha, ili mkono ukishuka uteleze. Kata ngozi ya nyoka ikiwa kubwa kuliko dirisha kwa sentimita moja kila upande.

Hapa kuna siri ndogo niliyoikuta ndani ya ala ya shemeji, na lazima nimpe haki yake fundi yule. Nyuma ya nyoka aliweka kipande cha ngozi chenye umbo lile lile la dirisha, kidogo kwa nywele tu. Kipande hicho kinamsukuma nyoka mbele, akajaa dirishani kama mto. Bila hicho, nyoka huzama na dirisha linaonekana kama shimo. Ila usimsukume mpaka apite usawa wa ukuta, kwa sababu akichomoza ndiye atakayesuguliwa na kila kitu.

Mpangilio wa matabaka, kutoka nje kwenda ndani, ni huu:

- kipande cha mbele cha ng'ombe chenye dirisha;
- ngozi ya nyoka;
- mto wa ngozi wenye umbo la dirisha;
- bitana, yaani ngozi ya milimita moja inayofunika ndani yote, ili ncha ya kisu isimguse nyoka kamwe.

Gundi ni ile ya kopo ya mafundi viatu. Paka pande zote mbili, subiri dakika kumi au kumi na tano mpaka ukigusa kwa kidole isinate, ndipo ugandishe. Ikishashikana, haina mjadala. Kwa hiyo mimi hugandisha ncha ya juu kwanza, nachungulia upande wa pili kupitia dirishani, kisha nashuka taratibu.

Shazia mbili, uzi mmoja

Gundi ni mshikaji wa muda. Anayemfunga nyoka ni uzi, na uzi huo upite kuzunguka dirisha lote, kwenye mashimo ya kweli.

Alama za mashimo mimi huzipiga kwa uma wa chakula. Ndiyo, uma wa mezani: unaweka jino la kwanza kwenye alama ya mwisho na kubonyeza, nafasi zinakuwa sawa bila kununua kifaa. Nafasi ya milimita 3 hadi 4 inafaa. Uma wako ukiwa na meno yaliyoachana sana, tafuta mdogo wa keki. Mashimo yenyewe toboa kwa msharasi, ule mchokoo wenye mpini wa mti wanaotumia mafundi viatu. Ushike ukiwa wima. Ukiulaza, mbele mshono utanyooka na nyuma utayumba kama njia ya ng'ombe.

Mshono wenyewe waliutumia watengeneza matandiko ya farasi. Unakata uzi mara nne ya urefu wa mahali utakaposhona, unaupaka nta ya nyuki, unatia shazia, yaani sindano nene, kila mwisho. Shazia moja inapita tundu kutoka kushoto, nyingine inapita tundu lile lile kutoka kulia. Unavuta pande zote mbili kwa nguvu sawa mpaka uzi uzame kidogo katika ngozi. Kisha tundu linalofuata.

Cherehani haishoni hivyo. Yenyewe ina uzi wa juu unaobaki juu na uzi wa chini unaobaki chini, zinakumbatiana katikati ya ngozi. Uzi mmoja ukikatika, wa pili unakosa wa kumshika na mshono unaachia hatua kwa hatua, kama gunia la mahindi ukipata ncha ya uzi wake. Katika mshono wa shazia mbili, kila tundu lina nyuzi mbili zilizopita kikamilifu. Kata mmoja popote, wa pili bado umeshika. Kwa kitu kinachokaa na makali ndani, hiyo tofauti naiheshimu sana.

Angalia jambo moja: shazia ya pili isitoboe uzi uliotangulia ndani ya tundu. Ikiutoboa, ukivuta hausogei, na mshono unakaa umelegea mahali hapo. Vuta uzi wa kwanza pembeni kwa kidole gumba kabla ya kupitisha wa pili. Mikono ikizoea, utasikia tofauti bila kuangalia.

Ukanda usioonekana

Ala yangu ya kwanza nilimpa kaka yangu, mwenye shamba la migomba. Nilishona mbele na nyuma zikakutana, mshono safi. Wiki ya tatu akanipigia simu: amechomoa kisu, na uzi umetoka nacho vipande vipande. Kisu kilipokuwa kikiingia na kutoka, makali yalikuwa yakikata mshono kidogo kidogo kutoka ndani. Angekuwa amekiweka kiunoni akaanguka, makali yangetokea ubavuni.

Dawa yake ni ukanda wa ngozi nene, upana wa sentimita moja hivi, unaowekwa katikati ya kipande cha mbele na cha nyuma kufuata upande wa makali. Mshono unapita nje ya pale makali yanapofika, na makali yanakutana na ukingo wa ukanda badala ya kukutana na uzi. Hakuna atakayekusifu kwa ukanda huo. Hauonekani. Lakini mtu akinionyesha ala ya kuuza, yenye nyoka au isiyo na nyoka, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuitazama ubavuni nione kama matabaka ni mawili au matatu. Yakiwa mawili, narudisha.

Maji, joto na mafuta

Haya niyapite haraka.

Sehemu ya juu ya ala, inayoushika mpini, hulowanishwa na kufinyangwa juu ya kisu kilichofungwa kwa nailoni, ili kisu kiingie kwa mlio wa "tu" na kisidondoke ukikigeuza. Kwenye ala yenye nyoka, lowanisha mpinini tu. Maji yakifika dirishani magamba hujikunja kingo. Kausha kivulini. Joto la mashine ya kukausha nywele, au dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, humsinyaza nyoka, na akishasinyaa harudi.

Kingo za nje zipige msasa, zilowanishe kidogo, uzisugue kwa kipande cha mti laini mpaka matabaka matatu yaonekane kama moja. Toboa tundu dogo kwenye ncha ili maji yatoke. Ng'ombe mpake nta ya nyuki au mafuta ya kwato, yanayochemshwa kutoka miguu ya ng'ombe. Mafuta ya kupikia yaache jikoni, yanachacha na kunuka. Nyoka mfute kwa kitambaa chenye nta kidogo, kutoka kichwa kwenda mkia.

Na kisu kisilale ndani ya ala kwa miezi. Ngozi hunyonya unyevu wa hewa, chuma kinaoza kimyakimya. Na mpini ukiwa na shaba, itaota kutu ya kijani pale inapogusa ngozi.

Je, ni halali?

Swali la mwisho ndilo lililopaswa kuwa la kwanza. Nilichelewesha kwa sababu nilitaka uipende kazi kabla sijakukataza sehemu yake.

Tanzania, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, ngozi ya mnyama wa porini ni nyara, na kukutwa na nyara bila kibali ni kosa hata kama nyoka ulimkuta amegongwa na lori. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na biashara ya nyara mwaka 1978, na sheria yake ya sasa ya wanyamapori ni ya mwaka 2013. Kuvuka mpaka kunaongeza mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini tangu mwaka 1975. Chatu wetu yumo katika orodha yake ya pili: biashara yake inahitaji kibali. Hata huko Marekani, jimbo la California haliruhusu kuuza ngozi ya chatu. Nyoka njuga mwenye almasi hayumo katika orodha za CITES, lakini akifika uwanja wetu wa ndege bado atakutana na sheria zetu.

Ukiuziwa "nyoka" mtaani, kuna vipimo viwili. Ingiza ukucha chini ya gamba: la kweli lina mdomo ulio huru, la ng'ombe aliyepigwa chapa ya magamba limeshikana pote. Kisha tafuta mchoro unaojirudia. Nyoka hajirudii, mashine hujirudia kila baada ya sentimita kadhaa.

Mimi sasa dirishani naweka sangara. Samaki huyu aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na viwanda vya minofu vya Mwanza na Kisumu huchuna ngozi nyingi mno. Wapo mafundi, hasa upande wa Kenya, wanaozisindika mpaka harufu inaisha kabisa. Magamba yenyewe huondolewa. Kinachobaki ni vifuko vilivyoyashika, mistari kwa mistari, navyo pia hulala upande mmoja kama vigae. Ngozi yake ni nene kidogo kuliko ya nyoka, nyuzinyuzi zake hupishana, haichaniki ovyo. Kila hatua niliyoieleza, kuanzia jani la mwembe mpaka shazia mbili, inafanya kazi ile ile. Kichwa juu, mkia chini.

Ala ya shemeji niliirudishia nyoka wake yule yule, nikamgeuza na kumshona. Bado anaivaa. Ya kaka nilimtengenezea upya, yenye ukanda na dirisha la sangara, na watu shambani humuuliza huyo nyoka alimuulia wapi.